Anza na ngisi: kwa anayesoma sayansi ya neva na tabia mwaka wa kwanza

Wengi wanaoanguka kozi hii hawaangushwi na mambo ya tabia. Huangushwa na umeme wa neva, katika wiki za mwanzo, kisha huburuza deni hilo hadi mtihani: dawa hawazielewi, usingizi hawauelewi, kumbukumbu wanaikariri tu. Kwa hiyo ukiwa Lamu likizoni kabla ya muhula kufunguliwa, acha kwanza orodha ya sehemu za ubongo. Nenda sokoni kando ya Ngome asubuhi na mapema, ununue ngisi mmoja mkubwa, mbichi, ambaye hajagandishwa.

Mlaze upande wenye bomba la kurushia maji ukiwa juu. Kata kwa mkasi kuanzia kwenye uwazi wa mfuko wa mwili hadi nchani, ncha ya mkasi ukiinyanyua usije ukapasua kifuko cha wino, maana wino ukimwagika huoni kitu tena. Fungua ukuta wa mwili kama kitabu, utoe matumbo polepole. Upande wa ndani, karibu na kichwa, kulia na kushoto, utaona vifundo viwili vyenye umbo la nyota, kila kimoja kimetawanya nyuzi. Uzi mnene unaoelekea nyuma ndio uliobeba akzoni kubwa (akzoni ni mkia mrefu wa seli ya neva unaopitisha umeme), ile inayoamrisha mwili ujikaze ghafla na ngisi achomoke kwa kurusha maji. Kwa ngisi wakubwa akzoni hiyo hufikia upana wa karibu milimita 1. Akzoni nyingi za binadamu ni za maikromita chache tu. Ndiyo maana wanasayansi Hodgkin na Huxley waliweza kupenyeza waya ndani yake, wakachapisha maelezo yao mwaka 1952 na kutunukiwa Nobel mwaka 1963. Ngisi aliyekaa juani hugeuka mweupe mwili mzima na nyuzi hazionekani; huyo ni wa mchuzi tu. (Hata yule mzuri, somo likiisha, ni wa mchuzi.)

Sasa chukua karatasi tupu. Chora mpigo wa umeme wa neva bila kitabu: seli imetulia kwenye takriban milivolti -70, inafika kizingiti (kiwango cha kuwasha mpigo) karibu na -55, milango ya sodiamu kwenye utando wa seli inafunguka na sodiamu inaingia mbio, volti inapanda hadi kama +40. Milango ya sodiamu inajifunga, ya potasiamu iko wazi, potasiamu inatoka, volti inashuka, inapitiliza kidogo chini ya -70, kisha inarudi. Rudia kila siku mpaka ikutoke kwa dakika 3.

Kosa linaloonekana kila mwaka ni kusema kwamba pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo kwenye utando wa seli ndiyo inayoishusha volti. Sivyo. Pampu hutoa chembe 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu muda wote, taratibu, ili tofauti ya ndani na nje isiishe. Kazi ya kushusha ni ya milango ya potasiamu. Kosa la pili ni kudhani kichocheo kikali huleta mpigo mrefu zaidi: urefu haubadiliki, kinachoongezeka ni idadi ya mipigo kwa sekunde.

Jipime kwa samaki bunju. Sumu yake, tetrodotoksini, huziba milango ya sodiamu inayofunguka kwa volti. Je, ile -70 inapotea? Haipotei, kinachokosekana ni mpigo. Misuli ya kupumua haipati amri, na mtu anaweza kukosa pumzi akili yake ingali macho. Ukiweza kueleza hilo hatua kwa hatua, umeshavuka mto.

Kwenye dawa, wanafunzi hukariri kwamba agonisti (dawa inayowasha kipokezi, yaani mahali pa seli panaposhika kemikali) huchangamsha na antagonisti (inayokikalia bila kukiwasha) hutuliza. Muuza kahawa anayepita na dele lake anatosha kuvunja kanuni hiyo. Adenosini, kemikali ya ubongoni, huongezeka kadiri unavyokaa macho, nayo hupunguza kasi ya neva. Kafeini ya kahawa hukalia vipokezi vya adenosini bila kuviwasha. Ni antagonisti, na bado inakuamsha, kwa sababu imezuia kizuizi. Popoo lililo ndani ya tambuu ni mfano wa upande wa pili: arekolini iliyo ndani yake huwasha vipokezi vya asetilikolini (kemikali ya neva) vya aina ya muskarini, ndiyo maana mate hujaa mdomoni. Miraa haigusi vipokezi moja kwa moja namna hiyo. Kathinoni iliyo ndani yake huzifanya neva zimwage zaidi dopamini na noradrenalini, kemikali zao za kupelekea ujumbe. Kwa kila dawa andika mambo matatu tu: inashika wapi, inafanya nini pale, na seli inayofuata inapata nini. Tabia iandike mwisho.

Majina ya sehemu za ubongo yatashika yenyewe ukiyafunga na kisa. Hipokampasi, sehemu ya kuweka kumbukumbu, kwa mfano, isome pamoja na mgonjwa Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa kuiondoa mwaka 1953 akabaki hawezi kuweka kumbukumbu mpya za matukio, ila mikono yake iliendelea kujifunza kazi mpya.

Na kahawa tungu ya kukeshea mtihani? Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa 5, wengine zaidi. Kikombe cha saa mbili usiku, nusu yake bado unayo saa saba usiku, wakati ubongo ulipaswa kuwa usingizini ukiyapanga uliyoyasoma mchana. Kinywe alasiri.