Kabla hujasema "nipe OTC"

Kaa nusu saa kwenye duka lolote la dawa za mifugo hapa Tabora mjini, utasikia ombi lilelile: "Nipe OTC," yaani oksitetrasaiklini, antibiotiki ya sindano. Ng'ombe hali vizuri, OTC. Mbuzi anakohoa, OTC. Ndama anahara, OTC. Muuzaji naye haulizi kitu, anapokea hela na kutoa chupa. Nimefuga ng'ombe wa maziwa na kuku huku Ipuli kwa miaka mingi, na mtu akiniomba ushauri namwambia kwanza ajue anatibu nini.

Chukua homa ya ng'ombe. Huku kwenye kupe na mbung'o, homa inaweza kuwa ndigana kali, ndigana baridi au nagana. Ndigana kali itafute kwenye tezi: pitisha mkono chini ya sikio na mbele ya bega, utakuta zimevimba. Huyo anahitaji buparvakuoni, tena mapema, OTC haimponyi. Kwenye ndigana baridi fizi hupauka, pengine zikawa na umanjano, na kinyesi hukauka. Hapo ndipo OTC inapofanya kazi. Nagana ina dawa zake, kama diminazini. Dalili hizi huingiliana, na kwa macho matupu hata mtaalamu anaweza kukosea, kwa hiyo mimi huomba damu ipimwe. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo hapahapa Tabora. Hela ya kipimo inauma, sikatai, ila inauma zaidi kuchoma antibiotiki siku tatu huku ndigana kali inaingia mapafuni.

Kwa kuku ndiyo usiseme. Kideri kikiingia mtaani, watu wanafungua kapsuli za tetrasaiklini za binadamu na kumwaga unga kwenye maji. Kideri kinasababishwa na kirusi, antibiotiki haikigusi kabisa. Chanja kwa tone la jicho kuku wakiwa wazima, urudie kila baada ya miezi mitatu.

Sasa dozi. OTC ya asilimia 20 kwa kawaida ni mililita 1 kwa kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 ni mililita 25, zikigawanywa sehemu zaidi ya moja. Lakini wengi wanachoma 10 kwa kila ng'ombe, awe mtamba au dume la kukokota jembe, kwa kubania chupa. Dozi pungufu inaua vijidudu dhaifu na kuacha vile vigumu vizaliane, na huo ndio usugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilionya hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Na tetrasaiklini na penisilini tunazochoma zizini ni za ukoo uleule wa dawa wanazopewa watoto wetu hospitalini.

Halafu maziwa. Akina mama wanaouza mtindi wanaweza kukwambia: maziwa yakigoma kuganda bila sababu, uliza kama kuna ng'ombe aliyechomwa sindano. Dawa iliyomo inaua bakteria wa kugandisha. Na usijidanganye kwamba kuchemsha kunaiondoa. Chupa nyingi za OTC ya asilimia 20 zinaandika siku za kusubiri kabla ya kutumia: 7 kwa maziwa na 28 kwa nyama. Wewe fuata ya chupa yako. Mimi humfunga kitambaa chekundu shingoni ng'ombe aliyetibiwa, kijana wa kukamua asichanganye ndoo.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ng'ombe anayechomwa juzi, akionekana haponi, leo anapelekwa kwa mchinjaji. Kama unaona hatapona, amua kabla ya sindano.

Na mtaalamu akija kutibu, asiondoke bila kukuandikia jina la dawa, mililita alizochoma na siku za kusubiri. Asipokuwa na kalamu, mwombe chupa uipige picha kwa simu.