Kabla hujaandika "mwanamke wa kwanza"

Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, ikikaribia, makala na hotuba za wanawake waliotangulia humiminika, na nyingi huugua ugonjwa uleule. Sentensi ya kwanza inatamba "mwanamke wa kwanza", kisha msomaji mmoja mjuzi anauliza: wa kwanza wapi? Mwandishi akikosa jibu, hata yale aliyoyaandika kwa usahihi yanaanza kutiliwa shaka.

"Wa kwanza" halisimami peke yake. Lazima lifungwe kwa mambo manne: alifanya nini hasa, wapi, mwaka gani, na kwa sifa ipi. Hiyo ya mwisho ndiyo huangusha wengi. Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa Januari 2006 nchini Liberia, na ndiye mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa kwa kura kuwa rais. Futa neno "kuchaguliwa" na umekosea, maana Ruth Perry aliiongoza Liberia hiyohiyo 1996 hadi 1997 akiwa mwenyekiti wa Baraza la Dola, na kabla yake Sylvie Kinigi alikaimu urais wa Burundi. Duniani pia ni vivyo hivyo. Isabel Perón aliurithi urais wa Argentina 1974 mumewe alipofariki, ilhali Vigdís Finnbogadóttir wa Iceland aliupata kwa kura mwaka 1980. Usiwagombanishe. Kila mmoja ana mlango wake.

Wangari Maathai wa Kenya ndiye anayekosewa zaidi. Tuzo yake ya Nobel ya 2004 ilikuwa ya Amani, na kwa tuzo hiyo ya Amani hakuna mwanamke wa Afrika aliyemtangulia. Ukiandika "mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobel", Nadine Gordimer wa Afrika Kusini atakuumbua, kwani alipata ya Fasihi mwaka 1991. Ukiandika "Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya Amani", Albert Luthuli alishaipata ya 1960.

Kipimo ni rahisi. Andika sentensi nzima, kisha ondoa neno mojamoja huku ukiisoma upya. Neno ambalo likitoka sentensi inakuwa ya uongo, lirudishe na lisiguswe tena, hata mhariri akilalamika kwamba kichwa cha habari ni kirefu. Neno ambalo likitoka hakibadiliki kitu, kama "shupavu" au "wa shoka", liache huko huko.

Halafu mtafute aliyemtangulia, na mtafute kwa nia ya kumpata. Mara nyingi amejificha sehemu tatu: alikaimu, hakuhesabiwa kwa sababu ya kabila, rangi au jimbo lake, au alifanya bila kibali. Mbio za marathoni za Boston zinafundisha vizuri hapo. Wengi huandika kwamba Kathrine Switzer ndiye mwanamke wa kwanza kuzikimbia, mwaka 1967, akiwa na namba 261. Lakini mwaka mmoja nyuma, 1966, Bobbi Gibb alizikimbia hadi mwisho bila namba. Switzer ndiye wa kwanza kukimbia akiwa na namba rasmi, aliyoipata kwa kujisajili kama K. V. Switzer, herufi ambazo hazikuonyesha kama ni mwanamke au mwanamume. Wanawake waliruhusiwa rasmi 1972, na marathoni yao ikaingia Olimpiki 1984 huko Los Angeles. Ukiwaweka wote wawili, hadithi inanoga zaidi: mmoja alithibitisha kwamba mwili unaweza, mwingine akaonyesha kwamba karatasi ndiyo iliyokuwa ikikataa.

Karatasi hiyo usiipite haraka. "Alipambana na mfumo dume" ni sentensi isiyomsaidia msomaji kitu. Ukuta uutaje: ni sheria, ni kanuni ya taasisi, ni mila, au ni mtu mmoja mwenye muhuri? Kila ukuta una njia yake. Maria Skłodowska, mwanasayansi ambaye dunia inamjua kama Marie Curie, alikuta chuo kikuu cha Warsaw hakipokei wanawake. Sheria huwezi kuibembeleza, kwa hiyo alihama, akafika Paris 1891. Bessie Coleman alikataliwa na shule za urubani Marekani kwa kuwa ni mwanamke na ni mweusi. Alijifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, na Juni 15, 1921 akapata leseni. Elizabeth Blackwell aliingia chuo cha udaktari cha Geneva, jimboni New York, mwaka 1847 baada ya walimu kuwatupia wanafunzi wa kiume uamuzi, nao wakapiga kura ya ndiyo wakidhani ni mzaha. Hatua zote hizo tatu msomaji anaweza kuzipima akalinganisha na ukuta ulio mbele yake mwenyewe.

Kisha fuata fedha. Nani alilipa ada, chakula, chumba? Hapa ndipo makala nyingi hudanganya kwa kunyamaza, zikamwonyesha mwanamke mmoja akipanda mlima peke yake. Curie na dada yake Bronia waliwekeana ahadi: Maria afanye kazi ya kufundisha watoto majumbani amsomeshe Bronia udaktari Paris, kisha Bronia ampokee. Maathai alipoanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani, ya kupanda miti, 1977, kazi iliendeshwa na wanawake wa vijijini waliolipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Zingatia hilo: si kwa kila mche uliopandwa. Malipo ya namna hiyo yanafanya mtu arudi kumwagilia. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU kuanzia 1955, hakuanza na orodha tupu ya majina. Vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya Dar es Salaam vilikuwa na viongozi, wanachama na utaratibu wa kuitana tayari.

Gharama nayo iandikwe bila kupakwa sukari. Bibi Titi huyohuyo alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa kwa msamaha 1972. Makala inayokomea 1961, mwaka wa uhuru, inamwibia nusu ya maisha yake.

Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: wa pili alikuwa nani, na ilichukua muda gani? Valentina Tereshkova alienda angani Juni 1963. Wa pili, Svetlana Savitskaya, alienda 1982, miaka 19 baadaye. Junko Tabei alifika kilele cha Everest Mei 16, 1975. Siku 11 tu baadaye Phanthog alifika akipitia upande wa Tibet. Na kile chuo kilichomhitimisha Blackwell 1849 kilimkataa mdogo wake Emily. Mlango uliofunguliwa na mlango uliopenywa mara moja ukafungwa tena si kitu kimoja, na bila jina la wa pili huwezi kujua unaandika kuhusu upi.

Ikiwa unayemwandika yu hai, mara ya kwanza nenda bila kinasa sauti, ukasalimie na kueleza unachotaka. Mahojiano yenyewe yasizidi dakika 90. Baada ya hapo majibu huanza kujirudia na mzee huchoka. Rekodi kwa vifaa viwili, na ikiwa kimoja ni simu, iweke hali ya ndege, kwa sababu simu ikiingia katikati rekodi inaweza kukatika na hutajua mpaka umefika nyumbani. Zima feni. Tarehe usimuulize moja kwa moja, kwani watu hukumbuka vyumba na nyuso kuliko miaka. Muulize mtoto wake wa kwanza alikuwa darasa la ngapi, kisha hesabu mwenyewe na ulinganishe na barua ya ajira, orodha ya wahitimu au gazeti la serikali. "Ulijisikiaje?" huleta majibu ya jukwaani. "Kulikuwa na choo cha wanawake?" huleta ukweli, pamoja na sare zisizomtosha na kiti alichopewa pembeni kwenye kikao. Akigusia kunyanyaswa, simamisha rekodi, muulize kama anataka liandikwe, na jina la mtuhumiwa usilitaje bila ushahidi. Ni haki kwa wote, na inakuepusha kesi ya kashfa.

Kuna kosa dogo la heshima linalowaponyoka hata wazoefu: wenzake wa kiume wanaitwa Profesa na Daktari, yeye anaitwa Mama fulani. "Mama" ni jina la heshima, lakini kama ana shahada ileile, mpe cheo kilekile, hasa chini ya picha ambako wote wamesimama mstari mmoja.

Kwa hotuba ya dakika 10, maneno kama 1,000 yanatosha. Utoto wake upewe 100, ukuta na namna alivyoupita upewe zaidi ya nusu, na orodha ya tuzo iende kwa mshereheshaji, aisome wakati wa kumkaribisha. Kabla ya kuchapisha, msomee unayemwandika sehemu zenye tarehe na majina ya watu, si makala yote, la sivyo utajikuta unaandika upya kwa kalamu yake.

Na msomaji akikuletea jina la aliyemtangulia, pamoja na ushahidi, rekebisha sentensi siku hiyohiyo, uache maelezo mafupi yenye tarehe yanayoonyesha ulichobadilisha. Kisha mtafute huyo mpya. Huenda bado anapokea simu.