Usikimbilie kulisingizia ini

Mara ya kwanza nilipopima dawa kwa viinitete vya samaki pundamilia (Danio rerio), nilifurahi mapema mno. Dawa niliitia saa chache tu baada ya mayai kurutubishwa, na siku ya tano ini lilikuwa dogo kuliko la wale waliokaa kwenye maji matupu. Nikaandika daftarini: sumu ya ini. Mwenzangu akachungulia hadubini, akauliza: "Na samaki mwenyewe mbona mdogo?"

Kweli, mwili mzima ulikuwa umedumaa, na ini lilifuata mkumbo.

Tangu hapo nasubiri ini liwepo kwanza. Kwenye nyuzi joto 28.5, ifikapo saa ya 72 tangu mayai kurutubishwa ini linaonekana, na wengi wameshaangua, kwa hiyo gamba laini la yai halizuii tena dawa kupenya. Natia dawa hapo, nasoma matokeo saa ya 120. Kusubiri kuna faida nyingine: dawa kadhaa haziumizi ini zenyewe, bali kile ini linachozigeuza kuwa. Parasetamoli ni mfano mzuri. Vimeng'enya vya ini huigeuza sehemu yake kuwa NAPQI, kemikali yenye sumu, na dozi ikizidi, glutathioni, kinga ya seli inayoituliza, huisha na seli hufa. Ini ambalo halijaanza kazi hiyo litakuambia dawa ni salama, nawe utaamini.

Kosa langu la pili lilikuwa kiyeyushi. Dawa niliiyeyusha kwa DMSO, lakini kundi la kulinganishia sikulitia tone. Wape kiasi kilekile.

Ukubwa wa ini upime dhidi ya urefu wa mwili, kisha tazama rangi: ini lenye afya huwa angavu, lililoumia hufifia na kuwa kama la moshi. Ukiweza, tumia samaki waliopandikizwa jeni ya kung'arisha ini, inayowashwa na kichocheo cha fabp10a, jeni ya seli za ini. Hapo macho hayahangaiki kubahatisha mipaka ya ini. Kiini cha yai kinachochelewa kuisha nakiona kama dokezo tu la ini kuumia, maana kifaranga aliyedumaa naye hubaki nacho.

Dawa yangu ile niliirudia kwa dozi ileile, kuanzia saa ya 72. Vifaranga walifikia urefu wa kawaida, na ini halikutofautiana na la wenzao wa DMSO.