Legeza taya kwanza, mawazo baadaye

Mtazame mtu anayeshuka kwenye kifodi, yaani daladala ndogo, pale Kilombero, Arusha, jioni: mabega yamepanda, meno yameumana, na ukimuuliza atasema hana neno, amechoka tu. Mwili umeshaanza kulalamika, yeye bado. Ndiyo maana, kutuliza msongo wa mawazo, tunashauri kuanzia kwenye misuli.

Njia ya kukaza na kulegeza ilielezwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, karibu miaka 100 iliyopita. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, vua viatu, nyayo ziguse sakafu. Arusha ya Julai, jifunike shuka kabisa. Mwili unaotetemeka kwa baridi haulegei. Kunja ngumi ya kulia kwa sekunde 5 hadi 7, kisha iachie kwa mara moja, siyo polepole. Tulia sekunde 20 hivi ukisikilizia mkono unavyokuwa mzito. Rudia mara moja, kisha nenda mkono wa kushoto, paji la uso, taya, mabega, tumbo, mapaja, miguu. Dakika 15 zinatosha.

Wengi huharibu kwa kukaza kwa nguvu zote, kama wanabeba gunia la viazi. Nusu ya nguvu inatosha, na shingoni pungufu ya hapo. Mguuni, vuta vidole kuelekea gotini. Ukivisukuma chini, msuli wa nyuma unaweza kukubana ukapiga kelele nyumba nzima. Usizuie pumzi. Penye jeraha, pita. Taya ndiyo husahaulika zaidi: hebu angalia ulimi wako sasa hivi. Ukiwa umegandamizwa kwenye kaakaa, taya halijalegea.

Dukani huwezi kukunja uso mbele ya mteja, kwa hiyo tumia pumzi. Vuta kwa pua sekunde 4, toa kwa sekunde 6, dakika 5. Mapigo ya moyo hupungua kidogo tunapotoa pumzi, ndiyo sababu ya kuirefusha. Ila vuta kidogo. Ukihema kwa nguvu na haraka, unatoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi: kizunguzungu, vidole ganzi, na unaondoka ukidhani zoezi limekuongezea wasiwasi. Maumivu ya kifua, au usiku usiolalika kwa wiki kadhaa, hayo ni ya hospitali, si ya zoezi.

Fanya kila siku, hata siku ambayo huna msongo. Anayesubiri mpaka adaiwe kodi ndipo ajifunze, hafiki mbali.

Na kahawa, hasa kwenu Moshi mnaoinywa ikiwa bado na harufu ya shamba: kwa watu wengi nusu ya kafeini hubaki mwilini saa 5 hivi baadaye. Kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kiko kazini saa nne usiku.

Ukimaliza zoezi, simu iache. Chukua karatasi, andika jambo moja linalokusumbua na hatua yake ya kwanza. "Ada ya mtoto" siyo hatua. "Kesho saa tatu nimpigie mhasibu wa shule, niombe kulipa kwa awamu mbili" ni hatua. Iandike, kisha kalale.