Mwanafunzi wangu ndiye muuguzi wa mama yake. Nimsaidieje?

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita wilayani Korogwe. Nina mwanafunzi wa kiume wa miaka 12. Muhula wote huu amekuwa akifika saa mbili na nusu, vipindi vimeshaanza, na akikaa tu anasinzia. Wenzake wanamkimbia kwenye dawati, wanasema ananuka mkojo. Nilimchapa viboko viwili kwa kuchelewa. Hakulia wala hakujitetea. Wiki iliyofuata nikaenda kwao. Mama yake alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki. Baba yuko machimboni, miezi sasa hajatuma kitu. Mtoto ndiye anayemgeuza mama, anampikia uji, anamwogesha, anafua mashuka, na bado ana mdogo wake wa miaka 5 wa kumwangalia. Walimu wenzangu wengine wanasema nimwache, anachuma radhi za mama yake. Wengine wanataka apelekwe makao ya watoto. Nikitaja ustawi wa jamii anatetemeka: "Mwalimu, msinichukue, mama atakufa." Nifanye nini?

Mwalimu, Korogwe

JIBU

Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kumfuata kwao. Wengi wanaishia kwenye viboko.

Mimi nimeuguza watu kwa kazi ya mshahara miaka 34, lakini mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa baba yangu, Pangani, mwaka 1966, nikiwa na miaka 11. Baba alikuwa na matende. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito kama gogo, umejaa mikunjo, na ndani ya mikunjo ngozi inachanika na kutoa maji. Kila alfajiri nilikuwa nachota maji, naosha mkunjo mmoja mmoja kwa sabuni, nakausha kwa kipande cha kanga, halafu nakimbia shule huku mikono inanuka. Nilikuwa nakaa juu ya mikono yangu darasani. Miaka mingi baadaye, chuoni, nikafundishwa kwamba kuosha na kukausha vile ndiyo huduma yenyewe ya mguu wa matende. Nililia mbele ya darasa zima. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilikuwa nafanya vizuri.

Aliyeniokoa alikuwa mke wa mvuvi jirani yetu. Hakusema anichukue nikaishi kwake, wala hakumsema baba. Siku moja akaingia uani saa kumi na moja alfajiri, akanipokonya beseni, akasema, "Wewe nenda shule, leo mguu ni wangu." Ikawa Jumanne na Ijumaa, kila wiki. Siku mbili tu, na mimi nikafaulu mtihani.

Kwa hiyo nakwambia nilichojifunza kwake: ukitaka kumsaidia huyu mtoto, msaidie mama yake. Ukimtoa mtoto ukamwacha mama mkekani, umemwongezea mzigo. Atakuwa makaoni mwili, roho iko Korogwe inageuza mgonjwa. Na hao wanaosema anachuma radhi, waambie radhi hazizuii mtoto wa watu kulala usingizi.

Anza na yale ambayo mtoto wa miaka 12 hapaswi kuyafanya peke yake. La kwanza ni kuogesha. Mtoto wa kiume kumwosha mama yake uchi ni uchungu kwa wote wawili, na mama hawezi hata kusema kwamba anaona haya. Tafuta wanawake wawili au watatu: jirani, mama wa msikitini au wa jumuiya ya kanisani, yeyote mwenye staha na mdomo mfupi. Usiwaombe "msaada", maana neno hilo halina siku wala saa. Waombe zamu: fulani Jumatatu na Alhamisi, fulani Jumanne na Ijumaa, kabla ya saa kumi na mbili.

La pili ni kunyanyua. Mfundisheni kumgeuza mama kwa shuka au kanga nene iliyotandikwa chini yake, watu wawili, mmoja kila upande. Asimvute kwa mkono uliopooza, bega litateguka. Mgonjwa wa namna hii hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo vidonda vinaanza kiunoni na visiginoni. Sasa piga hesabu mwenyewe usiku wa mtoto huyo una usingizi kiasi gani. Akisinzia kwenye kipindi chako, hiyo ndiyo sababu. Muulizeni muuguzi wa zahanati kuhusu godoro na mito ya kumwegesha, na mwombeni mhudumu wa afya ngazi ya jamii aikague ngozi yake kila anapopita.

Uji nao una hatari. Baada ya kiharusi koo huwa halimezi sawasawa. Mama alishwe akiwa ameketishwa wima, kijiko kidogo kidogo upande wa kushoto, uji uwe mzito kidogo kuliko wa kunywa kikombeni, na abaki ameketi nusu saa. Wakimaliza, mtoto aangalie shavu la kulia, chakula hujificha pale. Akipaliwa mara kwa mara, apelekwe kituo cha afya. Na dawa za presha zisikatishwe hata siku moja.

Sasa hofu yake ya kuchukuliwa. Usimcheke, na usimfiche kitu. Mwambie ukweli: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na makao ya watoto ni njia ya mwisho. Nenda wewe kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, umweleze, kisha mwombe afike nyumbani kama mgeni wako. Ana kazi tatu hapo. Amwite baba, maana kutunza watoto ni wajibu wake kisheria, machimbo si kisingizio. Asaidie kupata msamaha wa gharama za matibabu, na hapo mtahitaji barua ya mtendaji wa kijiji. Na ahakikishe kaya hii inatajwa kwenye mkutano wa kijiji kwa ajili ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Ukizungushwa, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure. Mtoto mwenyewe naye aijue namba hiyo.

Shuleni, mambo yake yasitangazwe mstarini. Mpe ruhusa ya kudumu ya kwenda nyumbani mapumziko ya saa nne, asiiombe kila siku mbele ya wenzake. Weka sare ya pili kabatini kwako, abadilishe akifika. Kazi za nyumbani mpunguzie, ila usimwondolee zote. Hesabu zilikuwa mahali pekee ambapo mimi nilikuwa mtoto kama wengine.

Na jambo hili naliomba kwa moyo wote: msimfanye mama awe mzigo tu. Kutosema si kutoelewa. Uende na daftari la mtoto, ulifungue mbele yake, umwonyeshe alama. Mpe kalamu mkono wa kushoto aweke alama ya vema. Itakuwa imepinda, haidhuru. Siku hiyo atakuwa mama aliyekagua daftari la mwanawe. Muwekee pia kifuniko cha sufuria na kijiko karibu na mkono huo, agonge akihitaji kitu, ili kijana asilale sikio moja liko wazi usiku kucha.

Kabla ya yote hayo, muulize yeye mwenyewe ni kazi ipi inayomchosha kuliko zote na ipi asiyotaka kumwachia mtu. Mimi nilitaka kuacha maji na beseni, lakini chai ya baba nilitaka kupika mwenyewe mpaka mwisho, na yule jirani hakunigusia chai.

Kuhusu vile viboko viwili: kamwombe radhi, mkiwa wawili tu. Halafu niandikie uniambie nani amechukua zamu ya Jumatatu alfajiri.

Bibi