Kura ya posta Pennsylvania: bahasha mbili, saa mbili usiku, na mume mwenye grini kadi

SWALI: Wakili, shikamoo. Naishi Erie, Pennsylvania. Nilizaliwa Kongo, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na mwezi Juni niliapa kuwa raia wa Marekani. Nataka kupiga kura tarehe 3 Novemba 2026. Shida ni kazi: nahudumia wazee, naingia zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, natoka saa moja usiku, na siku nyingine hata zaidi. Wenzangu wananiambia nipige kura kwa posta. Nianzie wapi, na nitajuaje kama imefika? Mama yangu naye ni raia, alisamehewa mtihani kwa cheti cha daktari. Hasomi Kiingereza na miguu haimbebi. Naweza kumsaidia kujaza na kumpelekea karatasi yake? Mume wangu bado ana grini kadi na mwezi ujao anakwenda kubadilisha leseni ya udereva. Tumesikia pale pale wanaandikisha wapiga kura. Naye ajiandikishe?

JIBU: Marahaba, dada. Naanza na swali lako la mwisho. Karatasi yako ikiharibika utapoteza kura moja, na uchaguzi mwingine utakuja. Mumeo akijiandikisha, mnaweza kupoteza haki yake ya kuishi nchi hii. Jibu ni hapana. Asijiandikishe, wala asitie saini fomu yoyote ya kupiga kura mpaka siku atakayoapa uraia.

Grini kadi inampa haki ya kuishi, kufanya kazi na kulipa kodi, lakini hapo Pennsylvania haimpi haki ya kupiga kura yoyote, hata ile ya kuchagua bodi ya shule wanakosoma watoto wenu. Ofisi ya leseni huuliza habari za kura, na tangu Septemba 2023 mfumo wake unamwandikisha moja kwa moja mtu anayestahili, isipokuwa akatae mwenyewe. Asiye raia hatakiwi kuonyeshwa maswali hayo. Lakini mashine ni mashine: mwaka 2017 jimbo lenyewe lilikiri kwamba kwa miaka mingi hitilafu iliwawezesha wasio raia kujiandikisha wakiwa kwenye shughuli za leseni. Kwa hiyo mumeo akiona kwenye kioo cha mashine swali la kama yeye ni raia, ajibu hapana. Akiulizwa kama anataka kujiandikisha, ajibu hapana. Asipoelewa swali asibonyeze chochote, aombe mkalimani.

Nasisitiza hivi kwa sababu nimekaa na watu waliolia mbele yangu. Mtu alikuwa na haraka, karani alikuwa mkarimu, akatia alama kwenye kisanduku kimoja, basi. Miaka mitano baadaye anaomba uraia, na fomu ya maombi inamuuliza waziwazi kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura. Kudai kwa uongo kwamba wewe ni raia, na kupiga kura ya shirikisho bila kuwa raia, ni makosa ya jinai, na yanaweza kumfikisha mtu kwenye kesi ya kufukuzwa nchini. Kama mumeo aliwahi kujiandikisha kwa kutojua, asikimbilie kuomba uraia. Amwone kwanza wakili wa uhamiaji akiwa na karatasi zake zote.

Sasa wewe. Sheria ya Pennsylvania inataka ifikapo siku ya uchaguzi uwe na miaka 18, uwe raia kwa muda usiopungua mwezi mmoja, na uwe umekaa katika eneo lako la kura kwa siku 30. Uliapa Juni, kwa hiyo uko salama. Kujiandikisha na kuomba kura ya posta ni maombi mawili tofauti, na wageni wengi huishia kwenye la kwanza wakidhani wamemaliza.

Kujiandikisha mwisho ni siku 15 kabla ya uchaguzi, yaani Jumatatu tarehe 19 Oktoba 2026. Unaingia vote.pa.gov, unaweka namba ya leseni au kitambulisho cha jimbo, na kama huna, tarakimu nne za mwisho za namba yako ya Soshali, yaani ya hifadhi ya jamii. Angalia sana majina. Sisi tuna majina matatu, na makarani wa kambini, wa uhamiaji na wa leseni kila mmoja aliyapanga alivyoona. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho unachotumia namba yake. Kama siku ya kiapo ulibadilisha jina, nenda kwanza ofisi ya Soshali na cheti chako cha uraia, kisha ubadilishe leseni. Utaulizwa pia chama. Unaweza kuandika kwamba huna chama, na Novemba utapiga kura kama kawaida, ila uchaguzi wa awali wa vyama wa masika hutachagua wagombea wao.

Kuomba karatasi ya posta kuna mwisho wake: maombi yawe yameifikia kaunti kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumanne tarehe 27 Oktoba. Utakuta aina mbili. Ile ya zamani ni ya mtu asiyeweza kufika kituoni kwa sababu maalumu: ugonjwa, ulemavu, au kazi iliyomtoa nje ya mji wake. Wewe utakuwa Erie siku hiyo, kwa hiyo hiyo si yako. Tangu sheria ya mwaka 2019 kuna kura ya posta ambayo mpiga kura yeyote anaiomba bila kutoa sababu. Hiyo ndiyo yako. Usimwandikie mtu kwamba unasafiri wakati husafiri.

Sehemu ambayo kura nyingi hufia ni bahasha, na hapa naomba usome polepole. Utaletewa karatasi ya kura na bahasha mbili. Karatasi unaijaza kwa kalamu ya wino mweusi au bluu, unajaza kiduara chote. Kisha unaikunja na kuitia kwenye bahasha ya siri, unaifunga. Juu ya bahasha hiyo usiandike kitu: si jina, si chama, si hata dua. Alama yoyote inayoonyesha wewe ni nani au umemchagua nani inaweza kuifanya ikataliwe. Halafu bahasha hiyo ya siri unaitia ndani ya ile kubwa ya nje, yenye msimbo wa mistari na mahali pa saini.

Najua swali lililo kichwani mwako, kwa sababu kila mtu wa kwetu huniuliza. Kama jina langu liko juu ya bahasha, siri iko wapi? Kwetu tumezoea kuchovya kidole kwenye wino, karatasi inatumbukizwa sandukuni mbele ya macho ya mawakala. Hapa bahasha ya nje inafanya kazi ya kile kidole: inathibitisha kwamba ni wewe, na kwamba umepiga mara moja tu. Wakianza kufungua asubuhi ya uchaguzi, wanatoa kwanza zile bahasha za siri zisizo na majina, zinachanganyikana, ndipo zinafunguliwa. Hakuna anayeweza tena kuunganisha karatasi na mtu. Ndiyo maana Mahakama Kuu Kabisa ya Pennsylvania iliamua mwaka 2020 kwamba karatasi iliyokuja bila bahasha ya siri haihesabiwi. Mwenyeji amepoteza kura kwa kusahau hiyo bahasha, sembuse sisi tunaoiona kwa mara ya kwanza.

Nje weka saini na tarehe. Usihangaike kama saini yako ya leo haifanani na ile ya leseni: mahakama hiyo hiyo, Oktoba 2020, ilisema kura ya posta haiwezi kukataliwa kwa kulinganisha saini peke yake. Tarehe ndiyo inayotutega. Inayotakiwa ni tarehe ya siku unayotia saini, si ya kuzaliwa kwako, na Wamarekani wanaanza na mwezi. Tarehe 5 Oktoba unaandika 10/05. Ukiandika 05/10 kwa mazoea ya shule ya kambini, umeandika Mei. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kura isitupwe kwa kasoro ya tarehe tu, lakini mabishano haya yamepanda na kushuka mahakamani miaka kadhaa, na sitaki kura yako iwe ndiyo inayosubiri hukumu. Andika tarehe, na uiandike vizuri.

Kura inatakiwa iwe mikononi mwa kaunti kabla ya 8 p.m. siku ya uchaguzi. Hiyo ni saa mbili usiku, dada, si saa nane. Nalisema hili kwa sababu mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili na kusoma fomu kwa Kiingereza anaweza kuchanganya, hasa akiwa ametoka zamu. Na muhuri wa posta haukuokoi. Bahasha iliyogongwa muhuri Jumatatu ikafika Jumatano haihesabiwi. Ukitumia posta, iachie wiki nzima au zaidi.

Kama ni mimi, nisingetumia posta kabisa. Karatasi za kura zikishakuwa tayari, unaweza kwenda siku yako ya mapumziko kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti, ukaomba hapo hapo, ukapewa karatasi, ukajaza, ukafunga bahasha zako na kuirudisha kabla hujatoka mlangoni. Mwisho ni ile ile tarehe 27 Oktoba, saa kumi na moja jioni. Piga simu kwanza uulize zimeanza kutolewa lini.

Kuhusu mama, mshike mkono bila woga, lakini kwa utaratibu. Sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura inampa mtu asiyesoma, au mwenye ulemavu, haki ya kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Wewe binti yake unaruhusiwa. Msomee majina yote, hata ya wale usiowapenda, mfasirie, yeye achague, wewe ujaze alichosema. Kama hawezi kuandika jina, aweke alama yake mbele ya shahidi mtu mzima, na shahidi ajaze nafasi yake kwenye bahasha ya nje.

Kuipeleka bahasha ni jambo jingine. Pennsylvania kila mtu hurudisha kura yake mwenyewe. Hata mke hapeleki ya mume. Mwenye ulemavu pekee ndiye anayeweza kumteua mtu, na lazima iwe kwa fomu ya kumteua wakala iliyosainiwa na nyinyi wawili. Mama yako anastahili hiyo. Chukua fomu mapema pamoja na maombi yake, uwe nayo siku unapokwenda kuwasilisha. Bila fomu hiyo usiibebe.

Ukishapeleka, ingia tena vote.pa.gov uangalie hali ya kura yako, na kwenye maombi weka barua pepe unayoisoma, maana taarifa huja huko. Ukiona wameandika kwamba ina kasoro, au siku ya uchaguzi imefika na hawajaipokea, nenda kituoni kwako. Eleza kwamba uliomba ya posta, kisha uombe kura ya muda, ile inayowekwa kando mpaka kaunti ihakikishe kwamba ya kwanza haikuhesabiwa. Oktoba 2024 mahakama ya jimbo ilithibitisha kwamba hata aliyesahau bahasha ya siri anaweza kuokoa kura yake kwa njia hiyo. Na kama karatasi ya posta bado unayo nyumbani hujaituma, ibebe yote pamoja na bahasha ya nje, uikabidhi kituoni, nao watakuruhusu upige kura kama wengine.

Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Ukitoka zamu saa moja utakuwa na saa nzima. Ukikuta foleni ndefu usikate tamaa ukageuza gari: mtu aliyeingia kwenye mstari kabla ya saa mbili lazima aruhusiwe kupiga kura, hata kama zamu yake itafika saa tatu. Kaa kwenye mstari.