Karura na baiskeli ya kuendea kazini

Habari ndugu. Umeuliza kama baiskeli yako ya kawaida itaziweza njia za msitu wa Karura, Nairobi, na kama mgeni kama wewe atawaudhi wanaojitolea kuzitunza. Itaziweza. Mimi si fundi, na yangu haina hata springi za mbele.

Kabla ya breki, angalia mvua. Ule udongo mwekundu ukilowa hunata vibaya. Mwaka wangu wa kwanza nilijipeleka asubuhi baada ya mvua ya Aprili. Matope yakajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likagoma. Nikaikokota mpaka getini, nikichokoa udongo kwa kijiti. Kibaya zaidi, mfereji niliouacha njiani ulikauka vilevile, na hiyo ni kazi ya mmoja wa hao wanaojitolea, mwenye jembe; hilo ndilo huwaudhi, si ugeni. Subiri siku mbili za jua.

Punguza upepo wa tairi kidogo, mizizi hurusha. Fuata njia zenye vibao vya baiskeli tu, na ukiona watembeaji piga kengele mapema. Wikendi wahi, wakimbiaji hujaa. Ndizi zako zifiche begini. Kima wa pale hawana haya.